Mabawa ya Huyu, Tumbo la Yule

Kwetu, kifungua mimba ni nondo. Mgeni akiingia sebuleni, kitu cha kwanza kuona ni picha yake, kwenye fremu nyeusi juu ya kiti cha Baba: nondo mnene, mabawa ya rangi ya maziwa yenye mistari myeusi, tumbo jekundu, na kwenye ncha ya tumbo mashada mawili ya manyoya kama masharubu ya babu aliyeshiba. Mgeni akiuliza, Baba aliinuka, akasimama kando ya picha na kulitaja jina la dada yangu, likiwa limeongezwa kijimkia cha Kilatini. Picha ya dada mwenyewe haikuwapo ukutani. Mimi sikuwahi kumwona. Alikufa kwa homa akiwa darasa la pili, nami nikazaliwa baadaye kuziba pengo. Pengo halikuzibika, na lawama ikabaki kwa kizibo.

Hata Mama aliitwa kwa jina la dada. Mwenye duka, majirani, mashangazi, wote walimwita Mama Fulani, na huyo fulani yuko kaburini, huku mimi nimeshikwa mkono pale pale kaunta nasubiri peremende. Mimi nilikuwa Kitinda. Kwa kitinda mimba, tena wa nyumba yenye watoto wawili, jina hilo halikumtoa mtu jasho kulitafuta.

Baba alikuwa mtunzaji wa nondo kwenye jumba la makumbusho, na mwaka ule wa msiba ndipo alipotangaza jenasi mpya ya nondo-chui na kuipa jina la mwanawe. Niseme mapema kwamba hizi si nondo za kujengea. Nikimwambia mtu nafanya kazi ya nondo huniuliza bei ya tani. Wala si wale wanaotoboa sweta kabatini. Nondo-chui ni wadudu wa mapambo, madoadoa na mistari, matumbo mekundu na ya manjano, na urembo wote huo ni wa kumwambia ndege kwamba nyama hii ni chungu. Wako wengi mno duniani. Kazi yetu ni kuwapanga. Spishi zilizo karibu kwa damu tunaziweka kwenye jenasi moja, kama watoto wa ukoo mmoja, na kila jenasi hubeba jina. Jina nalo halielei hewani. Huegemea nondo mmoja, mwili mkavu uliochomwa pini, wenye lebo nyekundu chini yake. Huyo tunamwita kielelezo. Watu wakigombania jina, huenda kwenye droo, wakamtazama kielelezo, na kesi ikaishia hapo.

Kielelezo cha dada kilikaa kwenye droo ya juu kabisa ya kabati la pili, ndani ya chumba kinachonuka dawa ya kufukuzia mende, chenye dirisha tusilolifungua kwa kuogopa unyevu. Nikiwa mtoto nilipelekwa kuamkia huko kama watoto wengine wanavyopelekwa kwa bibi. Baba alivuta droo taratibu na kuniambia nisipumue karibu.

Nikasomea nondo. Watu wakiniuliza sababu nilikuwa na majibu ya heshima. La kweli ni kwamba nilitaka Baba anitazame, na nilishaona siku nyingi macho yake yanaelekea wapi. Alipostaafu nikakalia kiti chake. Alinikabidhi funguo na agizo moja: niandike mapitio ya jenasi ile, spishi zake zote, kitabu kizima, kabla presha ya macho haijammaliza. Alitaka kukisoma mwenyewe. Nilifurahi kama mjinga aliyetumwa sokoni na mfalme.

Jenasi yenyewe haikuwa inakalika. Baba alikuwa ameandika kwamba nondo wa ukoo huu utawajua kwa mambo mawili: mabawa ya maziwa yenye mistari, na mashada mawili kwenye ncha ya tumbo. Nilipekua droo zetu, nikaazima masanduku kutoka makumbusho mengine, nikapanda vilima usiku na taa na shuka jeupe la kuwavutia. Kila niliyempata mwenye mabawa yale, tumbo lake lilikuwa kipara. Kila niliyempata mwenye mashada, mabawa yake yalikuwa ya kahawia yenye madoa. Mwenye yote mawili alikuwa mmoja tu, yule wa lebo nyekundu.

Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilitunga visingizio kama wakili wa mwizi aliyekamatwa na kuku kwapani. Nikasema mashada hupukutika nondo akizeeka. Nikasema mabawa hubadilika kwa majira. Wote nikawasukumiza humo humo, wenye mistari na wenye madoa, nikachapisha makala moja baada ya nyingine. Jirani yangu wa meza, mtu wa mbawakavu, wale wadudu wa mabawa magumu, mcheshi mwenye kitambi anachokiita stoo, alikuwa akichungulia droo zangu na kutikisa kichwa. Aliniambia ukoo wangu huo mjomba na mpwa hawafanani hata ukucha. Nilimjibu akapange mende wake.

Kitabu kilipokaribia mwisho, kikabaki kitu kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukifanya: kumfungua kielelezo mwenyewe. Kwa nondo wanaofanana, ushahidi wa mwisho uko ndani ya ncha ya tumbo, kwenye viungo vya uzazi, ambavyo kwa kila spishi vimechongwa kivyake kama ufunguo na kufuli. Unalitoa tumbo, unalilainisha, unalipasua chini ya darubini. Baba hakuwahi kumgusa. Nilidhani ni heshima.

Asubuhi ile nilimweka chini ya darubini na kuinua manyoya ya kiunoni kwa sindano, nitafute pa kukatia. Nikaona utepe mwembamba wa rangi ya waridi umezunguka kiuno chake kama mkanda. Nondo hana rangi hiyo mahali hapo. Nilichovya brashi kwenye asetoni, ile ile ya kufutia kucha, nikagusa. Tumbo likaachia lenyewe na kuanguka juu ya karatasi.

Kugundisha kwetu si dhambi. Nondo mkavu ni kama mkate wa juzi, ukimgusa vibaya anavunjika, na kila mtunzaji ana gundi yake. Unarudisha kilichoanguka, halafu unaandika kwenye lebo kwamba kimegundishwa. Dhambi ni kutoandika. Gundi ya Baba ilikuwa rangi ya kucha, kichupa kidogo cha waridi kilichokaa kando ya mkebe wa pini utoto wangu wote. Rangi ile naijua kama ninavyoijua sauti ya Mama. Kwenye lebo ya kielelezo palikuwa na jina la dada na saini ya Baba, na neno kugundishwa halikuwapo.

Nikalipasua lile tumbo. Lilikuwa la wale wa kahawia, wenye madoa. Mabawa nayo, nilipoyalinganisha bila visingizio, yalikuwa ya jenasi kongwe inayojulikana tangu enzi za mababu. Nondo wa pichani, yule wa sebuleni, hajawahi kuruka popote duniani. Alikuwa mabawa ya huyu na tumbo la yule.

Nililia, nisidanganye. Mtu wa mbawakavu alikuja na kiti chake, akatazama kwenye darubini, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Akatoa kitabu cha sheria za majina tukasoma pamoja. Sheria iko wazi. Kielelezo kikigundulika kuwa ni mchanganyiko, anayefanya mapitio ndiye huchagua kipande kipi kibaki na jina, na kingine hutupwa nje ya hesabu. Nikichagua tumbo, jina la dada linaishi, tena kwa haki, maana wale wa madoa ni ukoo wa kweli usio na jina. Nikichagua mabawa, jina la dada linazama chini ya lile kongwe, linabaki limeandikwa kwa herufi ndogo kama mpangaji wa uani, na wale wa madoa wanangoja jina jipya.

"Njia zote mbili ni halali," akasema. "Hapo sayansi haina la kusema. Ungekuwa ni mimi, ningeenda kumsikiliza mzee."

Nikaenda Jumamosi. Baba alikuwa kitini pake chini ya picha, redio mapajani, uso umeinuliwa kidogo kama wanavyofanya wanaoona kwa tundu dogo tu la jicho. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza tangu utepe wa waridi mpaka viungo vya uzazi. Nilijiandaa kwa mshtuko wake. Nilikuwa hata nimebeba dawa zake za presha ya damu kwenye mkoba. Hakushtuka. Aliuliza tu kama nilitumia asetoni au kitu kingine, na nilipomwambia akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu sahihi.

Kisha akasimulia, bila haraka. Wiki ya mazishi alirudi kazini kwa sababu nyumba ilikuwa haikaliki. Sanduku likamponyoka, akaokota tumbo lililokuwa chini akaligundisha kwa nondo aliyekosa tumbo. Kwa kweli kabisa alidhani ni lake. Siku hiyo hiyo akaona ana nondo asiyefanana na wowote, na akawa na mtoto aliyetoka kumzika, na mambo hayo mawili yakakutana. Nikamuuliza alijua lini. Akasema walipoletewa wa pili, mwenye mabawa yale yale na tumbo kipara. Mimi nilikuwa najifunza kusoma.

Nilisikia masikio yangu yanapata moto.

"Ulijua," nikasema, "na ukanipa niimalize."

"Ningekwambia ungeiacha," akasema Baba.

Alisema hivyo kwa upole, kama jambo tulilokubaliana. Nikafikiria vilima nilivyopanda na taa. Nikafikiria makala zangu, kila moja na jina langu juu, nimewapangia watoto mabweni katika ukoo ambao Baba mwenyewe anajua ni wa gundi. Ndoa moja ilinishinda kwa sababu ya jenasi ile. Mume alisema nimeolewa na droo, na hakukosea. Baba alikuwa ananitazama nikienda na kurudi na masanduku yale, na kila nikija aliniuliza, "Dada yako hajambo?" Nami nilimjibu hajambo.

Pamoja na hayo nilimweleza juu ya hiari ya sheria, ingawa anaijua kuliko mimi. Uso wake ukakunjuka. Sijui kama nimewahi kumwona na uso ule.

"Basi chagua tumbo," akasema, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Hapo nilifanya jambo ambalo mpaka leo linaniudhi. Nilimwachia mlango wazi. Nilisema kwamba nikichagua mabawa, hawa wa madoa watahitaji jina jipya, ukoo mzima wa kweli, safi, hauna mwenyewe. Mila ya kazi yetu hairuhusu mtu kuita jenasi kwa jina lake mwenyewe. Ni aibu kama kujipigia makofi. Lazima mwingine akupe, au aseme upewe. Nilikaa pale, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea na mvi kichwani, nimeshika mkoba, nasubiri.

Baba akafikiri kidogo.

"Jipya la nini?" akasema. "Jina lipo."

Nikatoka nikaenda jikoni. Mama alikuwa anapiga pasi juu ya meza ya kulia, na ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo hakukuwa na la kumsimulia. Nilivuta kiti. Alimaliza foronya moja, akaanza nyingine, ndipo akasema bila kuinua uso:

"Alikuwa anawaogopa."

Nikauliza nani.

"Dada yako. Nondo. Akimwona mmoja kwenye taa anajifunika shuka gubigubi mpaka nije nimtoe nje. Alikuwa anasema wana unga wa wafu kwenye mabawa."

Nikamuuliza kama Baba alijua. Mama akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Akasema angejulia wapi, na mtoto alikuwa akilala kabla hajarudi na kuamka ameshaondoka. Kisha akanieleza habari za kichupa. Kilikuwa cha dada. Walikinunua kwa ajili ya harusi ya shangazi, Mama akampaka vidole vyote, na mtoto akagoma kunawa siku nzima, akilishwa kama kinda, rangi isije ikatoka. Baada ya mazishi Baba alikikuta dirishani akakichukua, akasema kinafaa kwa gundi. Mama hakukidai. Siku Baba alipoleta makala yenye jina la mtoto Mama alitaka kumwambia kwamba mtoto aliwaogopa nondo, lakini ndipo alipomwona analia kwa mara ya kwanza tangu msiba, akameza neno. Na neno likishamezwa, alisema, halitapikiki.

Nilikaa nikitazama mvuke wa pasi. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwonea wivu mtoto wa darasa la pili kwa kupendwa. Kumbe naye alingoja kama mimi. Baba hakujua hata kitu kimoja alichokiogopa mwanawe, akakichukua kitu hicho hicho akamvisha milele, akaweka na pini. Hasira niliyokuwa nayo kwa dada ilinitoka pale pale, ikaenda kwa Baba mwenyewe, na huko ilikuta nyingine inaisubiri.

"Sasa nifanyeje, Mama?"

"Mtoe huko," akasema, akakunja foronya.

Nilichagua mabawa. Kwenye karatasi ni mistari michache: tumbo limegundishwa, si la mnyama huyu, limeondolewa, jina limewekwa chini ya jenasi kongwe. Makala zangu za nyuma nilizikana moja baada ya nyingine kwa majina na kurasa, kazi chungu kama kujing'oa jino mwenyewe. Wale wa madoa niliwaita kwa mashada yao, neno la Kiyunani lisilo la mtu yeyote. Mtu wa mbawakavu aliuliza kwa nini nisimheshimu mtu, nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Nilimwambia watu waliochomwa pini wametosha.

Nilipoona kitabu kimetoka nilikwenda nacho nyumbani. Baba hakuweza tena kusoma, hata kwa lenzi, akaniambia nimsomee. Nilisoma hadi mwisho wa ukurasa ule bila kuruka. Aliinuka, akapapasa ukuta, akaitungua fremu na kuilaza juu ya kabati kifudifudi. Alimwambia Mama, mimi nikiwa pale pale, kwamba nimemuua mtoto wake mara ya pili. Mama akamjibu kwamba mtoto alikufa mara moja tu, na yeye Mama alikuwapo. Tangu hapo Baba hakusema nami. Nikimwamkia alijibu redio iongezwe sauti.

Kwenye msumari ulioachwa, Mama akatundika picha aliyokuwa ameificha chini ya nguo zake. Ni ya siku ya harusi ya shangazi. Msichana hana meno mawili ya mbele, na ameinua mikono yote miwili mbele ya kamera, vidole vimetanuliwa, kucha zionekane. Picha haina rangi. Kucha zinaonekana nyeusi tu, lakini anavyozionyesha huwezi kukosea. Nina masikio kama yake. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Baba hukaa chini ya picha hiyo kila siku na haioni. Mama alimweleza ni nini, akaitikia tu.

Jumamosi moja, Mama akiwa uani anaanua nguo, Baba alinyamazisha redio. Aliniita Kitinda. Nilikuwa nimeshazoea kimya chake mpaka nikatazama nyuma, nione kama kuna mtu mwingine chumbani. Akasema amekuwa akifikiria wale wa madoa. Akasema ni nondo wazuri, ukoo wa kweli, na anasikitika hajawahi kuwatazama vizuri. Akanyoosha mkono upande nisiokuwapo, nikauacha huko.

"Ningekuwa na macho yangu," akasema, "ukoo ule ningekupa wewe."

Neno nililolingoja tangu nilipojua kusoma lilikuwa hilo. Lilifika kitabu kikiwa kimeshachapwa na jina likiwa limeshafungwa, na halifunguki. Nilimtazama, uso ameuinua, anatabasamu kuelekea kabati, anangoja nishukuru.

"Macho ulikuwa nayo, Baba," nikasema.

Kisha nikatoka uani, nikashika pembe mbili za shuka, Mama akashika mbili, tukalikunja.